Kifuko cha Pembe ya Kushoto

Kitambaa kilipatikana Jumamosi saa tatu asubuhi, na hapo ndipo kesi ilipoharibika.

Kilipokuwa kimepotea mambo yalikuwa rahisi: mali imeibwa, mwizi atafutwe. Sasa kilikuwa kimelala juu ya benchi la nyuma katika ukumbi wa darasa la unabii, kimekunjwa vizuri, hakina tundu wala doa. Inspekta alikisimamia mikono kiunoni, kama mwenye nyumba aliyekuta mgeni asiyemjua ameosha vyombo na kuondoka.

"Mwizi gani anaiba Alhamisi, anarudisha Jumamosi? Kwa nini?"

Konstebo hakujibu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na alishajifunza kwamba "kwa nini" ya kwanza bosi wake humwuliza Mungu. Ya pili ndiyo inayotaka jibu. Kituoni walimwita Mama Kwa Nini. Alijua, akajifanya hajui.

"Kifungue. Taratibu."

Konstebo, mtu wa kitambi aliyebakiza miaka miwili astaafu, alikifungua kama anayemvua shati mtoto mgonjwa. Kilikuwa kikubwa kama shuka mbili zilizounganishwa. Upande wa kushoto mnyama alikuwa akichomoza baharini: vichwa saba, pembe kumi, madoa ya chui, miguu ya dubu, na meno ambayo mchoraji aliyafurahia kupita kiasi. Upande wa kulia mwingine alitoka ardhini, mdogo, ana pembe mbili kama za mwanakondoo na uso wa upole. Kusema kweli alipendeza. Mtu angeweza kumfuga. Na wanyama wote wawili walikuwa wameshonewa vifuko mwili mzima, kila kimoja ukubwa wa kiberiti.

"Haya, nieleze tena hivi vifuko. Wewe ndiye mwanadarasa."

"Ni utaratibu wa Mwalimu, afande. Anafundisha kwamba wanyama wa unabii si watu, wala si serikali ya fulani. Ni nguvu za kiroho, zinatafuta moyo wa kutua. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka kila mmoja wetu anaandika kwenye kikaratasi ile nguvu inayomsumbua. Woga, tamaa, uongo. Anakishonea kifukoni kwa mkono wake mwenyewe, pale anapoona mnyama wake anaishi. Mwisho wa mwaka vinafumuliwa na kuchomwa bila kusomwa. Ni kesho hiyo."

"Bila kusomwa na nani?"

"Na yeyote. Hata Mwalimu hasomi."

"Wewe uliandika nini?"

"Kiburi," alisema Konstebo, upesi mno, akaanza kunyoosha pindo ambalo tayari lilikuwa limenyooka.

Tatizo lilikuwa hilo hilo. Vifuko arobaini na viwili, siri za watu arobaini na wawili, zilikuwa zimekaa siku mbili mikononi mwa mtu asiyejulikana. Saa kumi jioni wazee wa kanisa wangekutana, na Katibu wao alikuwa ameshaandika azimio: Mwalimu aondolewe darasani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi. Miaka thelathini na moja ya kufundisha ingeishia hapo.

Mwalimu mwenyewe aliingia saa hiyo, akiburuta kandambili. Alikuwa fundi saa mstaafu wa miaka sabini na minane, na jicho lake la kulia lilikuwa dogo kuliko la kushoto kwa kubana lenzi maisha yote.

"Shikamoo, Mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, binti yangu. Naona wanyama wangu wamerudi. Hawakumuuma mtu?"

"Mzee, saa kumi wanakuondoa, nawe unatania?"

"Nilie? Nikilia nitakuwa nimemlisha huyu." Aligonga moja ya vichwa saba kwa kidole. "Huyu wa baharini kazi yake ni kutisha. Anakuja na makelele, pembe huku, meno kule, kila mtu anamwona. Mimi simwogopi sana. Ninayemwogopa ni huyu hapa." Kidole kikahamia kwa yule mwenye uso wa upole. "Huyu ana pembe za mwanakondoo, ila akifungua kinywa ni joka linalosema. Hakutishi, anakubembeleza. Anakwambia una haki ya kukasirika. Anakwambia usisalimie, maana wewe ndiye uliyekosewa. Unamfuga ndani, unamlisha, unamwita haki yangu."

"Na watu wanakuelewa?"

"Darasa zima, tena vizuri kabisa," alisema mzee kwa fahari.

Konstebo alikohoa.

Katibu naye alifika na jalada kwapani, mwembamba, kanzu yake ya kwaya imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Kwa maoni yake kesi ilikuwa imekwisha.

"Funguo ziko mbili. Wa kwangu na wa kwake. Wa kwangu haujatoka mfukoni. Piga hesabu mwenyewe, Inspekta."

"Haujatoka hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na una ugomvi gani na Mwalimu?"

"Ugomvi? Mimi?" Katibu alijigusa kifua. "Ni suala la mafundisho tu. Mnyama ni mtu, ana jina, anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Huyu mzee anatuambia eti ni nguvu, ni hewa. Utamkemeaje hewa?" Na akiwa anasema hivyo alikuwa akimtazama Mwalimu kwa jicho ambalo lingeweza kumenya viazi.

Inspekta aliandika: *Ana sababu. Ana ufunguo. Anasema kwa sauti mno.* Akapiga mstari chini yake. Kisha akaufuta, maana mtu anayetaka kumharibia mwenzake jina hakirudishi kitambaa usiku wa kuamkia kikao. Angekiacha kipotee.

"Konstebo. Kilikuwa kikihifadhiwaje?"

"Kinatundikwa ukutani, afande, na kikishushwa kinaviringishwa kwenye mti. Hakikunjwi kamwe. Rangi inapasuka."

"Na hapa kilikuwa kimekunjwa. Pande zote mbili zimeingizwa ndani, halafu mara tatu. Nani anakunja hivi?"

Konstebo alikuna kichwa. "Sare za mjukuu wangu zinakuja hivyo hivyo. Kutoka kwa Mama Sare, hapo ng'ambo."

Kabla ya kuondoka Inspekta alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya kila kifuko. Jua la dirishani lilikuwa limepiga kitambaa mwaka mzima, na nyuzi zote zilikuwa zimepauka. Zote, isipokuwa za kifuko kimoja, kwenye pembe ya kushoto ya yule mnyama mpole. Uzi wa hapo ulikuwa mbichi. Kando yake palikuwa na mstari wa vitundu vya zamani, vya mshono uliofumuliwa. Na ndani ya mkunjo, karibu na pembe hiyo, chembe tatu za njano. Alizibonyeza, zikajirudi.

"Ala!" alisema. "Kumbe."

Alizitia kwenye bahasha, akakiviringisha kitambaa, akamtwisha Konstebo.

Mama Sare alikuwa katikati ya rundo la kaptula, anacheka na redio. Mwanamke mnene, mchangamfu, tepu shingoni, pini mdomoni. Hakuuliza polisi wametaka nini. Aliwapa viti kwanza, na chai juu.

"Nikunjie kaptula moja," alisema Inspekta.

"Moja tu?" Mikono yake ikaruka: pande ndani, moja, mbili, tatu. Mkunjo ulikuwa ule ule.

"Kitambaa cha Mwalimu umewahi kukishika wiki hii?"

"Mimi? Kesho ndiyo nitakishika! Kura imeniangukia, mimi ndiye nitakayefumua vifuko vyote na kuvitia motoni. Tangu Jumapili silali kwa furaha. Nimenunua hadi mkasi mpya."

"Nani alikufundisha kukunja hivi?"

"Mama, Mungu amrehemu. Alitufundisha wote wawili, mimi na dada. Ukikosea anafumua rundo zima, unaanza upya." Alicheka, kisha akapunguza sauti kidogo. "Na miaka sita hatukusemeshana, mimi na dada. Kisa nini? Mashine ya mama. Kila mmoja aliitaka. Mwezi wa nane akaja mlangoni, ameibeba mwenyewe na mgongo wake mbovu, akasema, tukae nayo miezi sita sita. Nililia, afande, hadi nikashindwa kumkaribisha. Sasa kila asubuhi anakuja kunywa chai hapo ulipokaa."

Inspekta alikunjua pembe moja ya kitambaa. "Wewe ni fundi. Nisaidie. Mshono huu unaonaje?"

Mama Sare alitema pini, akasogeza uso. "Hiki si cherehani, ni mkono. Lakini ona nyuma: vifuko vingine uzi umepita wote, hapa kuna vidoa tu. Huyu hakukigeuza kitambaa. Ameingilia juu, akatokea juu. Sindano ya kawaida haiwezi. Ametumia ile iliyopinda, ile ya…"

Akaachia kitambaa. Redio ikaendelea peke yake.

"Ile ya nini, Mama?"

"Sijui," alisema Mama Sare, na furaha yote ikamhama usoni. "Mimi nashona sare tu."

Inspekta hakumbana. Alikunywa chai ikaisha, akashukuru, akatoka. Barabarani Konstebo alihema chini ya mzigo wake.

"Ile ya makochi, afande."

"Najua ni ya makochi."

Karakana ya dada mtu ilikuwa mitaa miwili mbele, imejaa viti vilivyochunwa ngozi na marobota ya sponji ya njano. Mama Makochi alikuwa amepiga goti mbele ya kochi, sindano iliyopinda kama mwezi mchanga ikiingia na kutoka upande ule ule. Alipoona kitambaa begani mwa Konstebo, mkono ulisimama.

"Karibuni," alisema. "Nilijua mtakuja. Sikujua kama mngewahi hivi."

"Mito ya mabenchi ya kanisa ni kazi yako?"

"Yangu. Alhamisi Katibu alinipa ufunguo nikapime."

"Katibu anasema haujatoka mfukoni mwake."

"Alinipa dakika kumi, na jana kumi nyingine nirudishe mito. Labda kwake kumpa fundi si kuutoa."

"Ukatoka na kitambaa ndani ya robota la sponji. Jana ukarudisha mito, na kitambaa humo humo. Hadi hapo naona. Ninachouliza ni kwa nini."

Mama Makochi alivuta kopo la sindano, akalishika mapajani bila kulifungua.

"Mwalimu alituambia tuandike nguvu. Mwezi wa kwanza mimi na mdogo wangu tulikuwa bado maadui. Nikakaa na kikaratasi, nikaona nisijidanganye, mnyama wangu namjua, namwona kila siku akifungua duka. Nikaandika *Mdogo wangu*. Nikakishona kwenye pembe ya yule mpole, nikalala vizuri usiku ule. Nilijiona mkweli!" Alitikisa kichwa. "Halafu tukapatana. Halafu Jumapili kura ikamwangukia yeye. Mimi naandika kwa penseli ya zambarau, ile ya kuchorea vitambaa, na rangi inapenya karatasi. Angekishika tu angenijua. Miaka sita, Inspekta. Nimempata miezi minne tu. Ningempoteza tena kwa kikaratasi?"

"Kifukoni mna nini sasa?"

"Kingine. Nimeandika *Kinyongo*. Ndicho kilichokuwa kinaniuma tangu mwanzo, mdogo wangu alikuwa jina tu nililokibandika. Vingine sikugusa hata kimoja, naapa."

"Nakuamini. Vina vumbi la mwaka." Inspekta alitazama saa. "Saa tisa na nusu. Saa kumi Mwalimu anaondolewa kwa kosa lako. Naweza kwenda kusema mimi. Ila nikisema mimi itakuwa kesi, na mdogo wako ataisikia kwa Katibu. Katibu atatia chumvi."

"Nikisema mwenyewe ataisikia kwangu."

"Ndiyo."

Mama Makochi aliichomeka sindano kwenye kochi. Kisha akasimama, akapangusa sponji magotini, akatia kopo la sindano kwenye mkoba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazee mbele, darasa zima nyuma, na Mama Sare katikati, mkasi mpya mapajani, macho mekundu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitia saa ya mtu ufunguo, kana kwamba kikao ni cha mwingine. Katibu alishasimama na azimio lake.

"Kwa kuwa," alianza.

"Subiri kidogo," alisema Mama Makochi kutoka mlangoni. "Kitambaa nilichukua mimi."

Kelele zilizozuka hapo hazisimuliki. Katibu alisema haiwezekani, ufunguo haujatoka mfukoni mwake. Mama Makochi akamkumbusha Alhamisi na Ijumaa. Katibu akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Inspekta aliwahakikishia wote kwamba vifuko arobaini na kimoja havikuguswa.

"Na cha arobaini na mbili?" aliuliza Mama Sare. Alikuwa amesimama. "Dada, kwa nini?"

Mama Makochi alifungua kopo. Chini ya sindano alitoa kikaratasi, amekikunja mara mbili, rangi ya zambarau imejitokeza nje. "Nilitaka kukichoma, mkono ukakataa. Kisome. Kisha useme lolote unalotaka."

Mama Sare alisoma. Maneno yalikuwa mawili tu, lakini aliyasoma muda mrefu. Wazee wa mbele walinyoosha shingo. Hata Mwalimu aliacha saa. Kisha Mama Sare akaenda kilipotundikwa kitambaa, akapiga magoti mbele ya yule mnyama mpole. Pembe ya kulia. Palikuwa na kifuko kimoja, mshono wake umenyooka kama wa cherehani. Mkasi mpya ukala uzi: kwa, kwa, kwa.

"Haviruhusiwi kusomwa," alinong'ona mzee mmoja.

"Hiki ni changu," alisema Mama Sare, akamnyooshea dada yake.

Mama Makochi alikikunjua. Kiliandikwa neno moja, kwa herufi kubwa: *DADA*.

Walitazamana. Mabega ya Mama Sare yalianza kwanza kutikisika, na wote wakadhani analia, kumbe anavunjika mbavu. Dada mtu naye akashikwa, akajiegemeza kwenye mnyama, vicheko vyao vikawa kimoja, kicheko cha mama yao bila shaka, maana vikongwe wawili wa mbele walishtuka wakaangaliana.

"Pembe mbili!" alisema Mama Sare akifuta machozi. "Mimi huku, wewe kule! Tulikuwa tumempanda huyu huyu mmoja!"

"Na kila mmoja anasema mwenzake ndiye mnyama!"

Walikumbatiana pale pale, mkasi ukaanguka. Furaha ilikuwa tele, na Katibu, aliyekuwa bado amesimama na azimio lake, alianza kukohoa.

"Mwalimu. Naomba kuuliza. Kwa mfano tu. Mtu akiwa ameandika jina la mtu… anaruhusiwa kubadilisha?"

"Jina la nani?" aliuliza Mwalimu.

"Kwa mfano tu."

"Kwa mfano tu, la nani?"

Katibu alitazama viatu vyake. "La kwako."

Mwalimu aliweka saa chini. "Hebu ninyoosheeni mikono. Nani mwingine ameandika jina la mtu?"

Mkono mmoja ulipanda, halafu mitatu, halafu ukumbi ukawa msitu wa mikono. Mzee alihesabu kwa jicho lake dogo hadi ishirini na tisa, akaachia hapo.

"Miaka thelathini na moja!" alipaaza sauti. "Nguvu, nasema, nguvu, si watu! Kumbe nafundisha ukuta!" Na akacheka hadi meno ya bandia yakataka kumtoka, akayashika kwa kiganja, akaendelea kucheka nyuma ya kiganja. "Katibu, ni kweli siwezi kuondoka. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Tafuta karatasi."

Katibu alitazama huku na huku. Karatasi iliyokuwapo ilikuwa moja. Alilikunja azimio, akalichana vipande vidogo vidogo, kwa uangalifu, akitumia rula, akaanza kuvigawa. Cha kwanza alijiwekea mwenyewe.

Foleni ikapangwa hadi mlangoni. Mkasi ulipita mkono hadi mkono, na dada wawili walikaa sakafuni wakitunga uzi kwenye sindano za wasioona vizuri. Inspekta aligeuka ili amwambie Konstebo aandike kwamba jalada limefungwa. Hakuwa ubavuni pake. Alikuwa kwenye foleni, katikati ya vikongwe, amejifanya mdogo iwezekanavyo.

"Konstebo. Si uliandika kiburi?"

"Ndiyo, afande. Nataka kurekebisha mwandiko."

"Konstebo."

"Afande."

"Uliandika nani?"

Alitazama dari. Foleni yote ilimtazama yeye. "Wewe, afande," alisema mwishowe.

"Mimi! Kwa nini?"

Konstebo alinyamaza. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

"Nakuuliza, kwa nini?"

"Ndiyo hiyo hiyo, afande," alisema Konstebo. "Hiyo kwa nini ya pili ndiyo niliyoishonea kifuko."

Inspekta alifungua mdomo aulize tena. Akaisikia sauti yake mwenyewe. Alikaa chini kwenye benchi la nyuma, pale pale kilipokutwa kitambaa, akacheka hadi daftari likamdondoka; na alipopata pumzi alinyoosha mkono kwa Katibu, akaomba kikaratasi.